Vinili ipi kwa mashine ndogo ya kukata: chupa, ukuta na fulana?

Mkeka12:
Habari wadau. Mashine ni ya mezani, inapokea upana wa inchi 12 (sm 30.5), kisu cha nyuzi 45. Kazi ni tatu: majina kwenye chupa za chuma na bilauri za kioo, maandishi ya ukutani, na fulana za pamba. Roli ya sasa ya vinili (plastiki nyembamba ya kukatia maandishi ya kubandika) imeandikwa "vinili" tu. Kwenye chupa kingo zinainuka baada ya kuoshwa mara mbili tatu, na ukutani ikibanduliwa inang'oka na rangi. Je, ninunue iliyo nene zaidi? Na ipo moja inayofaa kazi zote tatu?

Kona_Kali:
Karibu mkuu. Ya kazi zote tatu haipo, na unene hautakusaidia. Kinachotenganisha vinili na vinili ni gundi yake, kwa hiyo usichague rangi kabla ya kujua gundi.

Mfano rahisi ni vinili za chapa ya Oracal, namba 651 na 631. Ya 651 ina unene wa mikroni 63 na gundi ya kudumu. Hiyo ndiyo ya chupa na bilauri. Ya 631 ina mikroni 80, haing'ai, na gundi yake imetengenezwa ili ibandukike. Hiyo ndiyo ya ukutani. Unaona, iliyo nene ndiyo inayoshika kidogo. Bila shaka umeweka ya kudumu ukutani, ndiyo maana rangi imeng'oka nayo.

Kingo za chupa: kama gundi ni ya kudumu na bado zinainuka, mara nyingi ni mafuta ya vidole. Futa kwa alkoholi ya isopropili ya 70%, acha ikauke, usiguse tena sehemu hiyo. Sabuni ya kusafishia vioo usiitumie, maana baadhi huacha utando usioonekana. Ukishabandika, sugua kwa kadi ngumu kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha chupa isiguse maji kwa saa 72. Gundi hii inashika kwa kugandamizwa na inaendelea kujitandaza taratibu. Ukiosha siku hiyohiyo maji yanapenya chini ya kingo kabla haijakaa. Baada ya hapo ioshwe kwa mkono, isilowekwe. Na usibandike mahali mdomo unapogusa, acha angalau sm 2 kutoka ukingoni.

Ukutani, rangi mpya bado inatoa hewa. Ipe wiki tatu, vinginevyo utapata mapovu. Wakati wa kubandua, pasha kwa kikausha nywele, kisha vuta taratibu ukiikunja juu ya mgongo wake yenyewe. Ukiivuta kuelekea kwako, utabeba rangi.

Gundi_na_Joto:
Niongeze la fulana, maana hiyo ni jamii nyingine kabisa. Vinili ya pasi hainati ukiigusa. Gundi yake inaamka kwa joto. Inakuja juu ya plastiki ya kubebea. Upande wa plastiki unaong'aa unalala chini kwenye mkeka wa kukatia, na mchoro unageuzwa kushoto-kulia kabla ya kukata. Ukisahau kugeuza, maandishi yatasomeka kwenye kioo cha kujitazamia tu.

Kwa mfano, vinili ya pasi ya Siser EasyWeed inataka 150°C kwa sekunde 10 hadi 15. Kwanza gandamiza fulana tupu sekunde 2 au 3 kutoa unyevu. Kama unatumia pasi ya nyumbani, zima mvuke, ikandamize bila kuisugua huku na huku, inua, hamia sehemu inayofuata. Usifue kabla ya saa 24, na ukifua geuza fulana ndani nje.

Pamba haina shida. Angalia poliesta yenye rangi kali: joto linageuza rangi ya kitambaa kuwa mvuke, inapanda ndani ya vinili, na jina jeupe juu ya fulana nyekundu linakuwa la waridi. Hapo tafuta vinili yenye tabaka la kuzuia rangi, au inayoshika kwa joto dogo.

Mkeka12:
Asanteni sana ndugu zangu. Mawili yamebaki. Vinili ya kumetameta haitoki kwenye karatasi yake hata kwa tepu ya kuhamishia (ile ya kunyanyulia maandishi yaliyokatwa na kuyapeleka yanapobandikwa), na kwenye bilauri iliyo pana juu na nyembamba chini mstari wa maandishi unapinda.

Kona_Kali:
Uso wa ya kumetameta una chembe, kwa hiyo tepu inagusa vilele tu. Inahitaji tepu ya mnato mkali. Lakini hiyohiyo usiitumie kwa vinili laini ya kawaida, itagoma kuiachia. Ukiwa huna nyingine, ibandike kwanza kwenye nguo safi mara moja mbili ipungue nguvu.

Kabla ya kulaumu tepu, jaribu mkato: mraba wa sm 1 wenye pembetatu ndani. Mraba ukitoka mzima, pembetatu ikabaki, na karatasi ya nyuma ina alama hafifu tu, uko sawa. Karatasi ikitobolewa, punguza kina cha kisu. Pembe zikivutwa au kuchanika, toa kisu usafishe kishikio chake, maana kipande kidogo cha vinili kikikwama humo kisu hakigeuki vizuri. Kama bado, kisu kimechoka. Herufi zilizo chini ya mm 6 zitakusumbua kupalilia (kung'oa vinili ya ziada) hata kila kitu kikiwa sawa.

Bilauri ya namna hiyo ina umbo la koni, haiwezi kupokea mstari ulionyooka. Pinda maandishi kwenye programu, au ukishaweka tepu, ikate kwa mkasi katikati ya herufi na herufi karibu hadi chini, kisha bandika ukianzia herufi ya kati.

Roli_Wima:
Nyuso mbili za tahadhari. Plastiki yenye namba 2, 4 au 5 ndani ya pembetatu, pamoja na silikoni, hukataa gundi ya kawaida; usipoteze vinili huko. Kitu kilichopinda pande zote mbili, kama kofia ya pikipiki, kinataka vinili iliyomiminwa, mfano Oracal 751. Hizi za kawaida zimepitishwa na kuvutwa kati ya roli za moto, na baadaye zinataka kurudi umbo lao, zikasinyaa na kuachia kingo.

Mkeka12:
Na kwa mashine ya leza je, inakatika?

Roli_Wima:
Usijaribu kabisa. Vinili hii ya kunata ni plastiki ya PVC. Ikichomwa na leza inatoa gesi ya hidrojeni kloridi: inaumiza mapafu na inakula chuma cha mashine. Kata kwa kisu tu.