MREJESHO: Mabwawa ya majitaka ya shule, Mafinga

Wakuu, shikamooni. Mwaka jana niliuliza kwa nini kijito kinachopokea maji ya mabwawa yetu kinajaa mwani. Asanteni sana, mlinijibu kwa moyo: amonia na fosforasi zinazotoka na majitaka ndizo virutubisho vinavyoulisha mwani huo.

Kwanza tulitoa tope bwawa la kwanza. Kazi ngumu, lakini ilikuwa lazima. Kisha tukang'oa gugumaji lililofunika bwawa la mwisho. Aliyenishauri hili, Mungu ambariki! Jua likafika majini, mwani wa humo ukatumia kaboni dioksidi, pH ikapanda mchana (yaani asidi ya maji ikapungua), na hapo amonia ikaanza kupaa hewani. Vipimo vya maji vya kubadilika rangi vikaonyesha amonia imeshuka sana. Ila Juni na Julai, baridi yetu mnaijua, amonia ikapanda tena.

Fosforasi ndiyo imetushinda kwa sasa. Yenyewe haipai hewani; hutoka kwa kuvuna mimea au kuzoa tope. Tulipanda matete kwenye njia ya kutokea maji, hatukuyakata kwa wakati. Yakanyauka, yakaozea humohumo, na virutubisho vikarudi majini. Mwaka huu tunakata yakiwa bado mabichi na kuyapeleka mboji. Kijito bado kina mwani, ingawa umepungua.