Historia fupi ya marehemu: kazi ya mama inaandikwaje?

MwanaNjombe:
Wakubwa shikamooni, wenzangu salama.

Mama yetu amefariki Jumapili usiku. Tunazika Jumamosi kijijini, nje kidogo ya Njombe mjini, na ukoo umenipa mimi kazi ya kuandika historia fupi ya marehemu na kuisoma kanisani. Naomba msaada kwa wenye uzoefu, kwa sababu kikao cha familia jana kimevunjika bila muafaka.

Baba alipofariki 2009 historia yake ilijaza kurasa mbili. Alikuwa bwana shamba, kwa hiyo haikusumbua: aliajiriwa lini, akahamishiwa wapi, akapanda cheo, akastaafu. Ya mama, kaka ameshaiandaa kwenye simu. Alizaliwa 1948, akasoma hadi darasa la nne, akafunga ndoa 1966, "hakuajiriwa, alikuwa mama wa nyumbani", ameacha watoto saba, aliugua kisukari, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Nusu ukurasa. Nimeisoma nikalia, na si kwa msiba tu.

Mama huyu 1973, wakati wa Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni, ndiye aliyeongoza kikundi cha kusikiliza redio hapo kitongojini. Watu walikusanyika uwanjani kwetu, kipindi kikiisha anafungua kitabu anawasomea, wanajadili, halafu wanapanga nani achimbe choo wiki hiyo. Alikuwa na miaka 25, kaka akiwa mgongoni. Jioni nyingine alifundisha kisomo cha watu wazima. Jana kuna mzee amekuja kutoa pole. Akavuta daftari la rambirambi, akaandika jina lake taratibu kwa herufi kubwa, herufi moja moja, kisha akaniambia, "Mkono huu aliushika mama yako."

Halafu kuna ulanzi, pombe ya mianzi, na ndipo ugomvi ulipo. Mama alirithi mianzi ya bondeni kwa mama yake. Msimu wa mvua alitoka alfajiri na kisu, anashusha mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi) iliyojaa, anakata ncha ya chipukizi upya, kipande chembamba kabisa, anafunga mbeta nyingine. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, tulikunywa sisi watoto. Uliobaki ukikolea jioni unauzwa. Miaka ya themanini mshahara wa baba haukutosha sabuni, na sabuni yenyewe haikupatikana. Ada na sare zetu zilitoka kwenye mianzi ile.

Na wengine walifuata hadithi zake kuliko ulanzi. Anapima huku anasimulia Sungura na Fisi, ila Fisi anaongea kwa sauti ya mwenyekiti wa kijiji, anaahidi barabara, anakula michango. Mwenyekiti amekaa pale pale, anacheka, anajijua. Mwaka mmoja baada ya hadithi ya namna hiyo daftari la michango lilisomwa hadharani mkutanoni. Mama hakuwahi kusimama kwenye mkutano wowote akahutubia.

Kaka ni mzee wa kanisa. Anasema pombe haitasomwa mbele ya jeneza la mama. Wadogo zangu wanasema tusipoitaja tumemfuta. Nifanyeje?

Mzee wa Kihesa:
Kamwene mwanangu, pole sana. Nimesoma historia hizi misibani huku Iringa miaka mingi.

Kwanza, toa hilo neno "hakuajiriwa". Inaandikwa kazi aliyoifanya mtu, siyo ile asiyoifanya. Darasa la nne litaje, lakini palepale useme kwa darasa hilo la nne aliwafundisha wangapi kusoma. Kama yule mzee atakuwepo, mtaje kwa jina na umwombe asimame.

Kuhusu ulanzi, andika hivi: "Alikuwa mgema, na kwa mianzi yake alisomesha watoto saba." Neno pombe halimo, na hakuna Mbena wala Mhehe kanisani humo asiyejua mianzi inatoa nini. Mpelekee mchungaji Ijumaa, siyo Jumamosi asubuhi. Akiipitisha yeye, kaka yako atatulia. Usizidishe dakika tano.

Omwana wa Bukoba:
Pole dada. Kwa heshima natofautiana na mzee. Kwetu rubisi, pombe ya ndizi, imesomesha nyumba nyingi na hakuna anayeona haya, lakini ibada ni ibada. Kaka yako naye amefiwa, msimshinde kwa kura mbele ya jeneza. Ulanzi na Fisi viwekeni usiku wa matanga, watu wakiota moto. Pale hakuna anayetazama saa.

Bint Mkunazini:
Poleni sana, Mungu awape subira. Huku kwetu Unguja maiti hasomewi historia, huzikwa upesi, na wanaume ndio wanaokwenda makaburini. Habari za bibi yangu nilizipata siku ya hitma, dua ya kumwombea marehemu, kwa wanawake waliokuwa wakichagua mchele. Mambo ambayo baba yangu mwenyewe hakuyajua!

Nakuomba kitu kimoja. Huyo mzee wa daftari na wenziwe wakae nawe Ijumaa usiku, uwarikodi kwa simu. Wakishazika watatawanyika.

MwanaNjombe:
Asanteni wote, Mungu awabariki. Nimekaa na kaka asubuhi hii, sisi wawili tu. Nilipomsomea ile sentensi ya mgema alinyamaza muda, kisha akasema niongeze kwamba yeye ndiye aliyekuwa anambebea mbeta. Sikujua. Nilikuwa bado mdogo. Kwa hiyo mianzi imeingia, redio imeingia, kisomo kimeingia, na mzee amekubali kusimama. Omwana wa Bukoba, umenisaidia, maana nilikuwa nakwenda kwa kaka na hasira. Bint Mkunazini, mpwa wangu ameshaandaa simu.

Kimebaki kitu kimoja. Yule mwenyekiti wa wakati ule yuko hai, na atakaa viti vya mbele. Hadithi ya Fisi naitaja au naiacha?

Mzee wa Kihesa:
Mpigie leo umwulize. Akikubali, mwachie aisimulie yeye mwenyewe Ijumaa usiku.