Miaka 22 kubadilisha kiwango cha Usenet: umakini au kupoteza muda?

FundiWaSeva
Wakuu habari za jioni. Jana nilibishana na jamaa kazini nikaona nilete huku. Usenet, yale makundi ya majadiliano yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Duke kule Marekani 1979, umbo la ujumbe wake lilikuwa linaongozwa na hati moja, RFC 1036 ya Desemba 1987 (RFC ni hati zenye namba zinazoeleza kanuni za mtandao), imejaa mapengo kila mtu anaielewa anavyotaka. Henry Spencer akaandika rasimu ya kuirithi 1994, ikaitwa mtoto wa 1036, watu wakaanza kuifuata bila hata kupitishwa. Kikosi kazi cha IETF, shirika linaloandaa viwango vya intaneti, kikakaa, kikakaa, kuja kutoa RFC 5536 na 5537 ni Novemba 2009! Rasimu ya Spencer yenyewe ikachapishwa 2010 kama kumbukumbu tu. Mimi nasema kalamu angepewa mtu mmoja anayejua kazi, wengine wakague, basi. Ukichelewa hivyo watumiaji wanahama. Mnasemaje?

Kibo_mtandaoni
Miaka 22 umetia chumvi mkuu, mbona hawa walishamaliza 2006

FundiWaSeva
Unachanganya ndugu. Ya 2006 ni RFC 3977, hiyo ni NNTP yenyewe, yaani seva zinavyoongea, ilichukua nafasi ya 977 ya 1986. Moja ni posta, nyingine ni barua.

MamaSwichi
Fundi hapo kwenye mtu mmoja nakupinga. Usenet haina mwenyewe, kila seva inabeba nakala na kumpitishia jirani, sasa ukibadilisha kitu leo kuna seva ya zamani mahali itakwama. Mfano mdogo tu, kwenye NNTP ujumbe unaisha kwa mstari wenye nukta peke yake, kwa hiyo mstari wako ukianza na nukta anayetuma anaongeza ya pili na anayepokea anaiondoa, programu moja ikisahau kuiondoa msomaji anaona nukta mbili, na nimeshakesha usiku mzima natafuta kosa la namna hiyo. Au ujumbe wa kufuta, mtu yeyote aliweza kughushi akafuta maneno ya mwenzake, njia ya kuweka kufuli kwenye ujumbe imekuja kupata RFC yake mwaka 2018. Mambo haya yanataka subira. Walipopoteza muda ni kule kugombania herufi za kigeni kwenye majina ya makundi. Sisi Waswahili a mpaka z inatutosha, hilo halikutuhusu.

Wanjikũ_wa_Nyeri
Dada, "sisi" gani hiyo? 2001 nikiwa masomoni ng'ambo nilituma tangazo la msiba wa cũcũ, yaani bibi yangu, kwa kundi la Wakenya wa huko. Likatoka c?c?. Jina lake Mũthoni likatoka M?thoni. Watu wakaniuliza ni nani huyo amefariki. Hiyo RFC 977 unayoitetea ilisema biti ya nane iwe sifuri, maana yake Ascii pekee, yaani herufi za Kiingereza zisizo na alama, na wewe unatuambia halikutuhusu?

MamaSwichi
Pole kwa msiba, lakini 977 sikuitaja popote, usiniwekee maneno mdomoni. Nimezungumzia Kiswahili, Kikuyu ni habari nyingine.

BintPate
Hata hicho Kiswahili wangu umekosea. Tenzi za Pate na Lamu za karne ya 18 zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, Kilatini tumeletewa na wamisionari na wakoloni. Bibi yangu mpaka anafariki barua zake kutoka Maskati kuja Lamu ziko kwa herufi hizo na ni Kiswahili kitupu, ninazo kwenye kasha. Leo nikitaka kuzitia mtandaoni unanambia a mpaka z inatosha?

Kibo_mtandaoni
Lakini dada nani anasoma hizo leo, shule zote ni Kilatini

BintPate
Nasoma mimi. Na madarasa ya Lamu wanasoma. Usiwazike watu wazima wazima.

FundiWaSeva
Wakuu turudi kwenye mada jamani, swali lilikuwa ni utaratibu wa IETF

MamaSwichi
Mada ndo hii Fundi. Bint Pate hapo umenipata, la barua za bibi sikulifikiria. Ila mjue 3977 ilishaweka UTF-8, mfumo unaobeba herufi za lugha zote, iwe ya kawaida kwenye NNTP, kwa hiyo 2006 hilo walilisikia.

Wanjikũ_wa_Nyeri
Walisikia nusu. Soma 5536, jina la kundi ni herufi za Ascii, tarakimu, alama ya kujumlisha, kistari na mstari wa chini. Basi. Mwishowe waliobishania majina hawakupata kitu.

FundiWaSeva
Si ndo hoja yangu hiyo! Miaka yote ile na bado hawajamaliza, mtu mmoja angemaliza kwa mwaka

Wanjikũ_wa_Nyeri
Huyo mtu mmoja angetoka wapi, Nyeri? Angejua ũ ni kitu gani? Mimi nakasirika kwamba walichelewa na nakasirika zaidi kwamba kwenye ile meza hapakuwa na mtu wa kusema cũcũ. Wewe unataka kuifanya meza iwe ndogo zaidi.

MamaSwichi
Hapo mko sawa wote wawili na mnapigana bure

FundiWaSeva
Hatuko sawa. Meza ya watu wengi iliwapa a mpaka z ile ile. Nitajibu kesho nikitulia, zamu yangu inaanza saa mbili.

Kibo_mtandaoni
Samahani naomba kuuliza, hivi hiyo ũ inasomwaje

Wanjikũ_wa_Nyeri
Karibu na o. Cũcũ mdomo hauchongoki kama kwenye "chuchu", na ndiyo sababu sikutaka kuiandika bila alama kwenye tangazo la msiba.