UZI WA MALALAMIKO: Waandishi wa hadithi fupi, mnatuharibia usiku wa Lamu na Malindi

Ndugu waandishi, salamu. Haya ni malalamiko na sitayapaka asali.

Jua halizami baharini Malindi, wala Lamu. Bahari yetu iko mashariki. Hata hivyo, hadithi baada ya hadithi, msimuliaji aliyeachwa na mchumba huketishwa ufukweni Malindi akitazama jua likitumbukia majini pamoja na matumaini yake. Anayeketi pale akayaelekea maji, jua linazama kisogoni mwake, upande wa bara. Na kinachoniudhi zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba mwandishi ametupa picha bora kuliko hiyo aliyoiazima. Mtu amekaa, vivuli vya minazi vinarefuka, vinampita na kuyafuata maji, bahari mbele yake inageuka kijivu huku nyuma yake anga bado ni jekundu, naye hageuki. Kule kutogeuka ndiyo huzuni yenyewe. Ikiwa ni usiku wa 14 katika tarehe ya Kiislamu, mwezi unachomoza mbele ya uso wake, kutoka baharini, karibu wakati uleule jua linapozama. Mwandishi gani anayakataa hayo akaenda kuokota machweo ya pwani za magharibi?

Tena acheni hayo machweo ya kurasa mbili. Hapa tuko nyuzi 2 au 3 tu kusini mwa ikweta. Jua likishazama, nusu saa baadaye ni giza. Msimuliaji hana muda wa kukumbuka utoto wake wote mwanga ukififia.

Sasa mwezi, maana hapa ndipo dhambi ni nyingi. Hadithi inaanza usiku wa kuamkia Idi, mbalamwezi imetanda juu ya mapaa ya Mkomani, mtaa wa Lamu. Haiwezekani. Idi ya Ramadhani huja kwa mwezi mwandamo: uzi mwembamba upande wa magharibi baada ya jua kuzama, na haukawii kutua. Usiku uliobaki ni wa nyota peke yake. Kalenda ya Kiislamu iko ukutani katika karibu kila nyumba ya pwani hii, na hesabu yake ni nyepesi. Usiku wa 14 mwezi huchomoza jua linapozama na kutua alfajiri. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi: usiku wa 17 unatoka kama saa tatu, wa 21 karibu saa sita. Ukirudi nyuma, punguza kwenye kutua: Ramadhani 10, mwezi uko juu watu wakitoka tarawehe, na unatua saa tisa kasoro. Kwa hiyo mke anayemngoja mumewe usiku wa 21 anangoja gizani hadi usiku wa manane, halafu mwanga unakuja akiwa ameshakata tamaa. Hilo si pambo, ni muundo wa hadithi umepewa bure.

Mwezi ukiujua, maji pia unayajua. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana. Lamu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 3. Yakiwa mafu, kwenye tarehe 7 na 21 hivi za Kiislamu, ni kama mita 1 tu. Na kwenye pwani yetu bamvua hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Yaani mbalamwezi inapokuwa imepanda vizuri, saa nne usiku, maji hayapo! Yametoka. Tope liko wazi, mashua zilizo karibu na gati zimelala ubavu, na kwenye mikoko kunanuka yai viza. Waandishi wetu wote saa hiyo wanatuletea mawimbi yanayopiga ngazi za gati. Isitoshe, mlango wa bahari mbele ya mji wa Lamu umekingwa na kisiwa cha Manda. Ukitaka mawimbi ya kunguruma, mpeleke mhusika wako mbele ya Shela, kunakofunguka bahari kuu.

Tazameni aya ya namna tunayoletewa, nimeitunga kwa mfano:

"Mbalamwezi iling'aa juu ya Lamu. Mawimbi yalilia pamoja na Mwanaesha yakipiga ukuta wa gati. Bundi akalia kwa uchungu, upepo ukasononeka, kisha mbingu zikamwaga machozi."

Nini kimebaki kwa Mwanaesha? Mawimbi yamelia, bundi amelia, mbingu zimelia. Yeye hana kazi tena. Tashihisi 4 katika mistari 3, yaani mara nne kisicho mtu kimepewa hisia za mtu, na zote zinasema neno moja. Sasa usiku uleule, saa ileile, maji yakiwa mahali pake:

"Maji yalikuwa yametoka. Mwezi ulimulika nanga iliyolala wazi topeni, kamba yake imelegea. Mwanaesha alizihesabu mashua, moja moja, mpaka ya mwisho. Akaanza tena."

Hakuna neno huzuni, na hakuna kilicholia. Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu msimuliaji hakuubadilisha usiku ufanane na moyo. Moyo umechagua cha kuona. Bibi harusi akipita hapohapo ataona mwanga juu ya tope na kuinua buibui lisichafuke. Nanga hataiona. Jaribio langu ni hilo: mpitishe mtu mwenye hali tofauti mahali palepale. Kama aya yako haibadiliki, umeandika kuhusu hali ya hewa.

Mvua nayo. Mhusika akilia Februari, mnanyesha. Februari ni msimu wa upepo wa kaskazi, kukavu, na Lamu mvua ya mwezi huo ni nadra. Masika ndiyo mvua, hasa Aprili na Mei. Vuli ni Oktoba hadi Desemba na ni hafifu. Julai ni kusi: upepo haupumziki, bahari chafu, vyombo vidogo vinaogopa kutoka. Lakini usiku wa Julai bado ni nyuzi 22 hivi, kwa hiyo meno ya mtu hayagongani kwa baridi. Akitetemeka, kunataka sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo hadithi. Malindi wakati wa masika mto Sabaki hushusha tope jekundu na bahari hugeuka rangi ya udongo. Mnaiandika buluu.

Vichochoro vya Lamu navyo vina hesabu yake. Kuta ni ndefu, njia ni nyembamba. Mwezi wa 14 saa mbili usiku humulika sehemu za juu za kuta tu. Chini ni giza, na chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia, ni giza zaidi. Mwanga hugusa sakafu ya njia karibu saa sita, mwezi ukiwa utosini, tena kwa muda mfupi. Anayetoroka nyumbani kwa siri anajua hivyo. Msimuliaji wako ajue pia.

Nyota: Nyota ya Kaskazini haionekani kutoka Lamu, iko chini ya upeo. Msiwape manahodha wetu. Kilimia, kile kikundi cha nyota, katikati ya Mei kimepotea kwenye mwanga wa jua, msikiweke utosini. Asmini hufunguka jioni na kunukia usiku, asubuhi imeanguka. Bundi apumzike kidogo, kuna punda.

Najua atakuja mtu aseme, "Ndugu, hii ni hadithi, si kitabu cha jiografia." Sikatazi uzushi. Ukitaka mwezi mpevu usiku wa Idi, uweke, lakini wahusika wauone na washtuke, kwa sababu watu wa pwani wangeshtuka. Ninachokataa ni mwandishi aliyezaliwa hapa kuupita usiku wake mwenyewe akaenda kuazima wa watu.

Wahariri, rudisheni hizi hadithi. Mwandishi akileta aya ya usiku, aulizwe tarehe ya Kiislamu, saa, msimu, na msimuliaji amesimama wapi akielekea wapi. Mwenye aya yake aibandike hapa chini pamoja na majibu hayo manne, tuikague mstari kwa mstari.