Klei inaacha michoro kwenye rangi ya gari

Premio_Nyeusi: Wakuu, gari nimeliosha lakini ukipitisha mkono rangi bado inakwaruza. Nikitumia klei (ule udongo laini wa kung'oa uchafu ulioganda kwenye rangi) inanata na kuacha michoro. Tatizo nini?

FundiBodi: Kilainishi hakitoshi. Weka shampuu ya gari kidogo na maji kwenye chupa ya kupulizia, lowesha sentimita 50 kwa 50, klei iteleze bila kukandamiza. Nenda mstari ulionyooka, usizungushe. Ikichafuka, ikunje upate upande safi. Ikianguka chini, itupe kabisa! Mchanga ukishaingia hautoki.

Mama_Rangi: Fanyia kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Juani maji yanakauka, klei inagandia. Lami itoe kwanza kwa dawa yake.

FundiBodi: Kweli. Halafu paka nta siku hiyohiyo, maana klei huondoa ile ya zamani.