Mwanangu kaniuliza maandamano yetu ya 2003 yalisaidia nini, nimekosa jibu. Naombeni ushauri

Mama Watatu (London)

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi London mashariki huu mwaka wa 25, nina watoto watatu. Kijana wangu mkubwa ana miaka 17 na tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023 Jumamosi zake nyingi ni za maandamano, mpira kauacha kabisa, mimi kazi yangu ni kumfungia chapati na kumwambia asisahau koti. Wiki mbili nyuma karudi karowa mvua mpaka soksi, bango lake limelainika limekatika katikati, kalisukuma nyuma ya mlango wa jikoni akanambia mama mimi siendi tena, hawa watu hawasikii. Na mie nikamjibu kama mama, usikate tamaa mwanangu, hata sisi tuliandamana 2003 kupinga vita vya Iraq. Akaniangalia akaniuliza, "Ikasaidia nini?"

Jamani sikuwa na la kusema. Niligeuza samaki kwenye kikaango kama sikusikia.

Na kweli nilikuwepo, tarehe 15 Februari 2003, nilikuwa msichana bado, baridi ile ya kukata masikio, tumetembea tokea Embankment mpaka Hyde Park kiza kinaingia. Polisi walisema watu 750,000, waandaaji wakasema zaidi ya milioni. Pembeni yangu alikuwepo bibi wa kizungu na fimbo yake ananambia hajawahi kuandamana maisha yake yote. Siku ile niliamini kwa moyo wangu wote kwamba vita havitokuja. Tarehe 18 Machi Bunge likapiga kura, 412 wakataka vita, 149 wakakataa, na siku mbili mbele tunaangalia Baghdad inapigwa mabomu kwenye TV.

Sasa nimwambie nini huyu mtoto? Sitaki kumdanganya, na sitaki akue akiamini mtu wa kawaida hana lolote mbele ya serikali. Kuna vita vilivyowahi kusimama kweli kwa sababu wananchi wamevikataa?

Kipepeo254 (Nairobi)

Pole mama. Mimi ningemwambia ukweli tu, serikali ikishaamua vita imeamua. Sisi hapa jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, mwananchi aliulizwa lini? Januari 2016 vijana wetu wakauawa kwenye kambi yao kule El Adde, Somalia, tukalia nchi nzima, mazishi kila kaunti, watu wakauliza maswali makali sana na mpaka leo wanajeshi wetu wako huko. Asome, apate kazi nzuri, aingie huko ndani penye maamuzi. Barabarani watamchosha bure.

Mwalimu Mstaafu (Mwanza)

Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Kipepeo uchungu wako naujua ila hapo kwenye "imeamua" sikubali, nimefundisha historia miaka 31. Chukua Vietnam. Kilichowaamsha Wamarekani hakikuwa hotuba, ilikuwa ni vijana wao kuitwa jeshini kwa lazima. Tarehe 1 Desemba 1969 walichezesha bahati nasibu ya tarehe za kuzaliwa, wakaionyesha kwenye televisheni, vidonge vya plastiki vya bluu ndani ya chombo cha kioo, unachomoa kimoja unasoma tarehe, ya kwanza kutoka ikawa 14 Septemba, basi kila kijana aliyezaliwa siku hiyo kwenye miaka iliyotajwa yuko mstari wa mbele kuitwa. Hebu fikiria mama amekaa sebuleni na mwanae wanasubiri hiyo tarehe! Vita vikaacha kuwa habari ya mbali vikaingia ndani ya nyumba. Na kabla ya hapo, Machi 1968, rais Johnson alishatangaza kwamba hagombei tena.

Lakini mama usimfiche kijana upande wa pili, maana ataukuta mwenyewe kwenye vitabu. Aliyefuata ni Nixon, akaendelea na vita, akaingiza jeshi Cambodia 1970, wanafunzi wanne wakapigwa risasi wakafa chuoni Kent State, na bado 1972 akachaguliwa tena kwa kura nyingi mno. Mlango wenyewe ulifungwa 1973, Bunge lao lilipokataa kutoa hela za mapigano baada ya tarehe 15 Agosti. Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wameshakufa, na Wavietnam ni mamilioni. Yaani wananchi waliwabana wabunge, wabunge wakabana mfuko. Hiyo njia ni ndefu na inapita kwenye makaburi mengi, ila ipo.

Abuu Salma (Birmingham)

Dada yangu mbona umeisahau 29 Agosti 2013? Waziri mkuu Cameron alitaka kuipiga Syria baada ya zile silaha za sumu kutumika huko, akapeleka Bungeni akashindwa, 285 kwa 272, na ukisikiliza mjadala wa siku ile kila dakika mbili mtu anataja Iraq. Akakubali papo hapo. Siku mbili baadae Obama naye akasema anapeleka kwa Bunge lake kwanza. Mimi naamini miguu yenu ya 2003 ndio ilifika siku ile, imechelewa miaka kumi lakini imefika, maana waliopiga kura 2013 waliwaona wenzao wa 2003 walivyoandamwa na jambo lile, na ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi wa Uingereza juu ya vita ya Iraq, ikaja kumaliza 2016 kwamba njia za amani hazikuwa zimeisha.

Ila kuna kitu kinaniuma lazima nikiseme. Ghalani ninapofanya kazi niko na jamaa mmoja Msyria wa Homs, nilimsimulia hii habari kwa furaha, akanyamaza akaendelea kufunga boksi lake, halafu akanambia nyinyi mlichoka na vita ya Iraq, sisi ndio tukabaki peke yetu. Nilikosa jibu kama wewe ulivyokosa.

Umukobwa wa Ruzizi (Bujumbura)

Huyo Msyria namuelewa sana. Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani waliuawa Mogadishu, maiti ya mmoja ikaburutwa barabarani, picha zikafika kwa kila nyumba kule kwao na watu wakapiga kelele askari warudi. Siku chache baadae rais Clinton akatangaza wataondoka kabla ya mwisho wa Machi 1994. Unauliza kama maoni ya watu yanabadilisha, ndiyo yalibadilisha, tena haraka! Halafu Aprili 1994 Rwanda inachinjwa, hakuna mkubwa aliyetaka hata kusikia habari ya kupeleka askari Afrika, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likapunguza walinda amani wakabaki 270. Ndugu wa mama yangu walikuwa Butare.

Kwa hiyo mama mwache kijana aandamane, lakini umfundishe kuuliza pia wale wanaopigwa wao wanataka nini.

Mmakonde wa Newala

Niongezee hapo kwa Mwalimu. Wareno walipigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji miaka 13, vijana wao wakawa wanatorokea Ufaransa kukwepa jeshi, mwisho maafisa wa jeshi wenyewe wakachoka wakaipindua serikali 25 Aprili 1974. Na raia waliambiwa wakae ndani, wakatoka wakawavisha askari maua kwenye mitutu ya bunduki. Mwaka mmoja na miezi miwili baadae Msumbiji huru. Huku kwetu wazee bado wanakusimulia ndege za Mreno juu ya Ruvuma.

Kipepeo254 (Nairobi)

Nimesoma yote. Mwalimu hiyo ya kubana mfuko nimeikubali. Lakini hao Wareno na Wamarekani walichoka kwa sababu vijana wao walikuwa wanakufa. Uingereza haina kijana anayekufa Gaza, sasa kijana wa huyu mama atamuumiza nani ndio asikilizwe?

Mama Watatu (London)

Kipepeo, hilo swali lako nilimsomea mwanangu kama lilivyo, akafikiri sana. Akasema silaha, mama. Akanikumbusha kwamba Septemba 2024 serikali ya hapa ilisimamisha leseni kama 30 katika 350 za kuuza vifaa vya kijeshi Israel, na Septemba 2025 ikaitambua Palestina. Mimi nikaona angalau. Yeye akanambia 30 katika 350 mama, na watoto wanazikwa kila siku. Sikumbishia, maana ni kweli.

Nilimwambia yote, ya Vietnam, ya 2013, na ya dada wa Bujumbura nilimsomea mara mbili, pole sana mdogo wangu, Mungu awarehemu. Nikamwambia na langu mwenyewe, kwamba baada ya 2003 nilivunjika moyo nikanyamaza miaka mingi, hata huyo mbunge wetu sikuwahi kumuandikia barua hata moja, na hilo najuta. Jumamosi hii hakwenda. Alikaa mezani kwangu na kompyuta anatafuta wabunge wa sasa waliokuwemo kwenye wale 149, na mbunge wetu kazipigia vipi kura za Gaza, kaandika kwenye daftari la hesabu.

Mwalimu, anakuuliza kitu. Mwaka 1973 wale wananchi waliwabana vipi wabunge wao mpaka wakakubali kufunga mfuko, barua, simu, au walikwenda maofisini kwao? Ukipata nafasi niandikie, anarudi shule saa kumi.