Gumzo la Ukoo: Chumvi ya Mtoto

Kikundi: Watoto wa Bibi, Matombo
Jumamosi, kuanzia saa 3 usiku

Mama Tumaini: Shikamooni wakubwa zangu. Huku Arizona ni saa 5 asubuhi, theluji imefika kizingitini. Nina habari njema. Mtoto amecheka! Si lile tabasamu la usingizini, ni kicheko chenye sauti, mwili mzima ukatikisika 😍

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu! Jamani mjukuu wangu! Nani kamchekesha?

Mama Tumaini: Mpishi wa hii shule ya misheni tunayofundisha. Ni mama mtu mzima, wote tunamwita Shimásání, yaani bibi mzaa mama. Jana nilipita jikoni baada ya misa ya wanafunzi, akampulizia unga kidogo uliokuwa kiganjani mwake. Mtoto akaangua kicheko. Jiko zima likanyamaza, halafu makofi. Kumbe kwa Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, aliyemchekesha mtoto mara ya kwanza ndiye anayemwandalia karamu. Bibi ameshatangaza: Jumamosi ijayo, na kondoo wake ameshamchagua.

Kaka Mdogo: Hongera dada. Shemeji naye hongera, najua yuko hapo anasoma kimyakimya.

Mjomba: Marahaba. Tunamshukuru Mungu. Lakini mwanangu, hiyo karamu ni ya namna gani? Ni tambiko? Nyie mmekwenda kwa jina la kanisa. Nauliza kama mjomba wako, si kwa ubaya.

Mama Tumaini: Ni haki yako kuuliza, Mjomba. Watu wanakusanyika, wanakula. Mtoto anawekewa chumvi ya mawe kiganjani, mkono wake unashikwa, kila mgeni anapita anapokea chembe yake na kuila na chakula. Yaani akishacheka tu, kazi yake ya kwanza ni kutoa. Wanasema akianza hivyo hatakuwa mchoyo. Padri wetu amealikwa, na amesema atakuja.

Mjomba: Chumvi tu?

Baba Tumaini: Shikamoo Mjomba. Chumvi tu, na nyama. Mimi mwenyewe nilisita nilipoambiwa, sikuficha. Nikamwuliza Padri. Akanijibu, "Wewe mtoto wako alipobatizwa hukuwapa watu wali?" Nikanyamaza.

Mjomba: Marahaba baba. Endeleeni.

Kaka Mdogo: Dada, hawa ndio wale Wahindi Wekundu wa kwenye sinema?

Mama Tumaini: Jina hilo tuliache kaka, naomba. Wao wanajiita Diné, maana yake watu. Na usidhani ni kijiji kimoja. Nchi yao imeenea Arizona, New Mexico hadi Utah, eneo lake linazidi Rwanda na Burundi zikiunganishwa. Wana rais wao, bunge lao na mahakama zao, makao makuu Window Rock. Lakini bado nyumba nyingi hazina bomba la maji. Wazazi wakija kuchukua watoto wanakuja na mapipa kwenye pikapu, wanajaza bombani hapa shuleni. Siku ya kwanza nilipoona ile foleni nilikumbuka kisima cha Bibi, nikalia.

Mama Mdogo: Marekani hiyohiyo?

Mama Tumaini: Hiyohiyo, Mama Mdogo.

Baba Tumaini: Mwambie Mjomba habari ya ukoo.

Mama Tumaini: Eeh! Mkutano wa kwanza wa wazazi kila mtu alisimama kujitambulisha. Huku husemi jina ukakaa. Unataja koo 4: ukoo wa mama yako, huo ndio wako. Kisha ukoo wa baba yako, kisha wa babu mzaa mama, kisha wa babu mzaa baba. Watu wakisikia mnagusana kwenye ukoo mmoja, mnaanza kuitana dada na shangazi palepale. Zamu yangu ikafika. Nikasema mimi ni Mluguru, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mashamba yanapita kwa wanawake. Chumba kizima kikasema "Aoo'", yaani ndiyo. Mzee mmoja akaniuliza, "Sasa nani alikwambia uje huku kama mgeni?"

Mjomba: 🙏🏾🙏🏾 Hapo umenigusa.

Baba Tumaini: Mimi Mchaga nikasimama na ukoo wa baba tu. Wakanihurumia, wakanisaidia kuzipata nyingine.

Kaka Mdogo: Dada, mimi nina swali gumu kidogo. Niliwahi kusoma kwamba shule za bweni ndizo zilizowatesa hao watu. Sasa nyie kufundisha shule ya misheni huko, hawawaangalii vibaya?

(Dakika 14 zinapita)

Mama Tumaini: Nilikuwa nanyonyesha. Kaka, ulichosoma ni kweli. Shimásání alinisimulia tukimenya viazi. Mama yake alichukuliwa akiwa mdogo akapelekwa bweni mbali. Walimkata nywele siku ileile. Huku nywele ni heshima, zinafungwa fundo nyuma kwa uzi mweupe wa sufu. Akisema Kinavajo anasuguliwa mdomo kwa sabuni. Aliporudi likizo alikuwa anaogopa kuongea na bibi yake mwenyewe. Shule za serikali zilifanya hivyo, na za makanisa pia, zetu Wakatoliki zikiwemo. Juni 2024 maaskofu wa Marekani waliandika kuomba radhi. Siwezi kuvaa msalaba mbele ya watoto hawa nikajifanya hayo hayakutokea.

Baba Tumaini: Mimi nilisoma shule ambayo ukikamatwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni. Unakaa nacho mpaka umsikie mwenzako naye amekosea, umvishe. Nilikivaa siku 3 mfululizo darasa la 5. Kwa hiyo Shimásání aliposema sabuni, nilijua ladha yake.

Mama Mdogo: Pole baba. Hukuwahi kutuambia.

Baba Tumaini: Sikuwahi kuona ni jambo la kuambia watu. Ni huku ndiko nilikoliona. Na ajabu yake, mwaka 1942 jeshi la Marekani liliwafuata vijana wa Kinavajo, 29 kwanza, baadaye wakafika kama 400, watengeneze ujumbe wa siri wa vita na Wajapani kwa lugha hiyohiyo. Wajapani hawakuifumbua kamwe. Baadhi yao ni watoto waliokuwa wakiadhibiwa shuleni kwa kuisema.

Kaka Mdogo: Duh.

Mama Tumaini: Lakini haikuwa njia moja tu. Mapadri Wafransisko walifika St. Michaels, hapa Arizona, mwaka 1898, wakakaa chini wakajifunza lugha, na mwaka 1910 wakachapa kamusi ya Kinavajo. Shule ya pale ilifunguliwa 1902 kwa mali ya Katharine Drexel, yule mtawa aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2000. Nikichoka nawakumbuka waliojifunza kwanza ndipo wakafundisha. Huku kwetu sasa Kinavajo ni somo, na mwanangu mkubwa, Tumaini, ananipita. Majuzi alinikemea kwa kumwonyesha mtu kidole, maana huku mtu anaelekezwa kwa midomo. "Mama, tumia midomo!"

Mjomba: Hao watu walianza lini kupelekwa shule?

Baba Tumaini: Hapo ndipo pana uchungu, Mjomba. Mwaka 1864 jeshi lilichoma mashamba yao na kukata miti yao ya matunda, likawaswaga kwa miguu kilomita mamia hadi kambi ya Bosque Redondo, New Mexico. Zaidi ya watu 8,000 walifungiwa pale, wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Tarehe 1 Juni 1868 wakatia saini mkataba wa kurudi kwao. Ndani yake mna kifungu cha 6: watoto wa miaka 6 hadi 16 lazima wasome, na kila watoto 30 wapewe mwalimu mmoja. Ndiyo bei waliyolipa ili waione milima yao tena.

Mjomba: 1868?

Baba Tumaini: Ndiyo.

Mjomba: Huo ndio mwaka mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo. Nafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, tarehe hiyo kila mwaka. Watoto wa kwanza pale walikuwa watumwa waliokombolewa. Mwaka mmoja, wanangu. Hao wanarudi kwao wakiwa wameahidi kuwatoa watoto wao, hawa wetu wanapokewa hawana kwao. Leo sitalala mapema.

Mama Mdogo: Ngojeni, niko na Mama hapa. Nimemsomea yote. Anasema niandike kama anavyotamka.

Mama Mdogo: Bibi anasema: "Mwambie mjukuu wangu huyo mpishi ni mwenzangu. Anapika nini siku hiyo?"

Mama Tumaini: Shikamoo Bibi! Mchuzi wa kondoo, na mkate wa kukaanga ambao mabibi zao waliuanzisha kwa unga wa posho walipokuwa wamefungiwa. Na uji wa mahindi ya bluu, anautia majivu ya mti wa mreteni.

Mama Mdogo: "Majivu kama sisi tunavyotia magadi. Huyo anajua kupika. Chumvi anaitoa wapi?"

Mama Tumaini: Ziwa la chumvi upande wa Wazuni, jirani zao, Bibi. Wanaifuata tangu mababu.

Mama Mdogo: "Ile niliyokufungia kwenye kipande cha kanga siku unaondoka, uliitupa?"

Mama Tumaini: Sijaitupa Bibi. Iko kabatini. Fundo lako sijalifungua hata siku moja.

Mama Mdogo: "Basi lifungue Jumamosi, uichanganye na ya huyo mama. Lakini mwombe yeye kwanza, karamu ni yake."

Mama Tumaini: Nitamwomba kesho kutwa asubuhi kabla hajawasha jiko.

Mama Mdogo: "Na mtoto mtajeni koo zake zote 4. Wa mama uanze."

Baba Tumaini: Utaanza wa mama, Bibi, wangu utafuata.

Mama Mdogo: Anauliza itakuwa saa ngapi.

Mama Tumaini: Saa 7 mchana huku. Kwenu saa 5 usiku. Bibi atakuwa amelala, nitampigia picha za video azione asubuhi.

Mama Mdogo: Amecheka. Anasema nimchajie simu.